UZI MAALUMU: Amos Alonzo Stagg, aliyetaka kuwa mchungaji akaishia kuwa mwalimu wa mpira kwa karibu miaka 70

Mwalimu wa Kikapu (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu.

Kwetu mchezaji akihojiwa baada ya mechi mara nyingi hasemi "kocha". Atasema "tumefuata maelekezo ya mwalimu", "mwalimu ametupa nafasi". Neno hilo nimelisikia tangu nikiwa mtoto wa kuokota mipira nyuma ya goli, na sasa ni mwaka wa kumi na moja naitwa hivyo mimi mwenyewe, maana nafundisha mpira wa kikapu shule ya sekondari. Leo nataka niwasimulie habari za mtu ambaye ualimu wa mpira uliandikwa kabisa kwenye mkataba wake wa kazi, kwa cheo cha chuo kikuu, mwaka 1892, wakati ambapo kocha Marekani alikuwa kibarua wa msimu.

Jina lake Amos Alonzo Stagg, kocha wa futiboli ya Kimarekani. Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1862 huko West Orange, jimbo la New Jersey, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa vinaendelea. Alifariki tarehe 17 Machi 1965 akiwa na miaka 102. Pigeni hesabu: mtoto aliyezaliwa Lincoln akiwa madarakani, akafa wakati sisi tumeshapata uhuru na Muungano umeshafanyika.

Naanza na njaa, kwa sababu naamini ndiyo iliyomtengeneza.

Baba yake alikuwa fundi viatu, na nyumba ilikuwa na watoto wanane. Stagg alisoma kwa kufanya vibarua, akachelewa, akaingia chuo cha Yale mwaka 1884 akiwa na miaka 22, umri ambao wenzake walikuwa wanamaliza. Kabla ya hapo alipitia shule ya Exeter. Miaka hiyo alikaa chumba cha darini kisicho na moto, na baridi ya kule mnaisikia kwenye habari. Chakula chake kilikuwa biskuti kavu, mkate wa jana na maziwa kidogo, akihesabu senti kwa siku. Mwili ukagoma, akaugua kwa sababu ya kula vibaya.

Nilipofika hapo kwenye maisha yake nilisimama kusoma. Miaka mitatu iliyopita kijana wangu mmoja wa kidato cha tatu alianguka katikati ya mazoezi. Tunamjua kama mchezaji asiyechoka. Nikamkalisha chini ya mwembe, nikamfungua kamba za viatu, nikamuuliza amekula nini. Akaangalia pembeni. Alikuwa hajala tangu jana yake mchana. Nilimtuma mwenzake akalete mihogo ya kukaanga na chai ya rangi, kijana akala taratibu huku anaona aibu, na mimi nikawa najiuliza ni mara ngapi nimempigia kelele "kimbia!" mtoto mwenye tumbo tupu. Stagg alipokuja kuwa kocha alifuatilia sana wachezaji wake wanakula nini na wanalala saa ngapi. Wengine waliona ni ukali wa mzee wa dini. Mimi naona ni mtu aliyewahi kulala na njaa.

Yale alianza kung'ara kwenye besiboli. Alikuwa mrushaji, yule anayesimama katikati akimtupia mpira mwenye gongo, na timu ya Yale ikawa inachukua ubingwa mwaka baada ya mwaka. Timu za kulipwa zikamfuata, New York ikiwemo. Mtu aliyekula mkate mkavu akaletewa mkataba mezani, akakataa. Aliona besiboli ya kulipwa ya wakati ule imejaa pombe viwanjani, na yeye alikuwa amepanga kuwa mchungaji. Alibaki Yale kusoma theolojia.

Huko kwenye theolojia ndiko futiboli ilipomkamata. Msimu wa 1888 Yale chini ya Walter Camp, yule anayeitwa baba wa futiboli ya Kimarekani, ilicheza mechi 13, ikashinda zote, ikafunga pointi 698 na haikufungwa hata moja. Stagg alikuwa kwenye kikosi kile. Mwaka uliofuata, 1889, ilipotangazwa kwa mara ya kwanza timu ya wachezaji bora wa vyuo vya nchi nzima, jina lake lilikuwemo, nafasi ya pembeni mwa safu. Alikuwa mfupi mnene, si jitu. Kwa ajili ya mazoezi ya kukaba alichukua godoro, akaliviringisha, akalining'iniza kwenye ukumbi wa mazoezi ili wachezaji walikumbe badala ya kuumizana wao kwa wao. Leo kila timu ya futiboli ina kifaa cha namna hiyo.

Naendelea muda si mrefu, nahamia kwenye kompyuta, simu inaisha chaji.

Beki Mstaafu

Shusha mkuu, nimeshavuta kiti. Ila kwa sisi tusiojua huo mchezo, futiboli ya Kimarekani ya wakati huo ilikuwaje? Kama hii ya helmeti tunayoona kwenye runinga?

Mwalimu wa Kikapu

Swali zuri mkuu. Hapana, ilikuwa karibu na raga kuliko hii ya leo, na ilikuwa ngumu kuliko raga.

Timu yenye mpira ilipewa majaribio matatu ya kusogea mbele yadi 5, ambazo ni kama mita nne na nusu. Ukishindwa unampa mwenzako mpira. Kurusha mpira mbele kulikuwa marufuku. Sasa kama huwezi kurusha mbele na unahitaji mita nne na nusu tu, utafanyaje? Mnajikusanya watu saba, nane, mnashikana, mnamzunguka mwenye mpira, mnawavamia wenzenu kwa pamoja kama gari bovu linaloteremka mlima. Upande wa pili nao wanajikusanya. Vilinda kichwa vilikuwa vichache na wengi hawakuvitaka. Watu walivunjika shingo. Kila msimu kulikuwa na vifo, na Oktoba 1905 Rais Theodore Roosevelt aliwaita ikulu viongozi wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton akawaambia wausafishe mchezo. Msimu huo ulipoisha magazeti yakahesabu maiti, wengi wao vijana wa shule.

Stagg aliingia kwenye kamati ya sheria mwaka 1904, akakaa humo mpaka 1932. Sheria mpya za 1906 ziliruhusu pasi ya mbele na zikaongeza umbali wa kusogea kutoka yadi 5 hadi 10, ili kujirundika kusiwe na faida tena. Makocha wengi waliidharau pasi ya mbele. Yeye alikaa chini akachora mbinu za kuitumia, nyingi. Ana orodha ndefu ya vitu anavyotajwa kuvianzisha na sitaki kuibishania kimoja kimoja, maana wakati ule wengi walikuwa wanabuni vitu vinavyofanana mahali tofauti. Kwangu lenye uzito ni kwamba alikubali mchezo aliokuwa bingwa wake ubadilishwe.

Nirudi nyuma kidogo, kuna sehemu inayonigusa mimi kama mtu wa kikapu.

Theolojia haikumalizika. Stagg alijiona hana ulimi wa mimbarini. Akisimama mbele ya watu maneno yanakauka. Kwa hiyo mwaka 1890 akaenda Springfield, jimbo la Massachusetts, kwenye chuo cha YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, kilichofundisha vijana wa Kikristo kuwa walimu wa mazoezi ya viungo. Aliona kama hawezi kuhubiri kwa mdomo, atahubiri kwa uwanja. Akaunda timu ya futiboli pale kutoka kwa wanafunzi wachache sana, na katikati ya safu akamweka Mkanada mmoja mtulivu aitwaye James Naismith.

Ndiyo huyo huyo Naismith. Desemba 1891, baridi kali, wanafunzi wamechoka na mazoezi ya ndani, Naismith akaambiwa atafute mchezo. Akapigilia vikapu viwili vya kuwekea matunda kwenye kingo za roshani, akaandika sheria 13, mpira wa kikapu ukazaliwa. Vikapu vilikuwa na kitako, kila mpira ukiingia lazima mtu apande kuutoa.

Machi 1892 ikachezwa mechi ya kwanza mbele ya watazamaji, kama 200 hivi, walimu dhidi ya wanafunzi. Wanafunzi wakashinda 5 kwa 1. Ile moja ya walimu ilifungwa na Stagg. Mimi huwa nawaambia vijana wangu, tukiwa kwenye uwanja wetu wa sakafu ya saruji iliyopasuka na ringi isiyo na nyavu, kwamba mechi ya kwanza kabisa ya mchezo huu mbele ya watu walimu walipigwa na wanafunzi, na bao la kufuta machozi lilifungwa na mtu wa futiboli. Wanapenda sana kusikia habari ya walimu kupigwa.

Dada wa Makorora

Mwalimu asante, mimi mume wangu ni mshabiki wa NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, namsomea kwa sauti hapa. Anauliza huyo si ndiye wa Chicago?

Mwalimu wa Kikapu

Ndiye, dada. Mpe salamu shemeji. Chicago ndiyo roho ya uzi huu.

Yale kulikuwa na profesa aliyefundisha Kiebrania na Biblia, William Rainey Harper, na Stagg alikuwa mwanafunzi wake. Tajiri wa mafuta John D. Rockefeller alipotoa fedha za kuanzisha Chuo Kikuu cha Chicago, Harper akawa mkuu wake wa kwanza. Akamwita Stagg kifungua kinywa, akamweleza ndoto yake na kumwambia: dola 1,500 kwa mwaka, uongoze michezo. Stagg akanyamaza, anafikiria kazi yenyewe. Harper akadhani fedha haitoshi, akapandisha: dola 2,000 na uprofesa msaidizi. Stagg bado kimya. Harper akapandisha tena: dola 2,500, profesa mshiriki, na ajira ya kudumu.

Ajira ya kudumu, wakuu. Jaribuni kuona uzito wake. Timu za vyuo wakati huo ziliendeshwa na nahodha, au na mchezaji wa zamani aliyekuja wiki chache za msimu kisha akaondoka. Harper aliweka idara nzima ya mazoezi ya viungo, yenye mkuu wake mwenye haki sawa na profesa wa kemia. Hafukuzwi kwa sababu kafungwa mechi. Kwetu kocha akipoteza mechi tatu, mtandaoni wameshamfungashia begi. Stagg alipewa kitu ambacho kocha hapewi: muda.

Oktoba 1892 chuo kimefunguliwa, majengo bado yana vumbi la ujenzi, wanaokuja mazoezini hawazidi 13. Hawatoshi hata kufanya mechi ya wao kwa wao. Kocha akavaa jezi akaingia uwanjani mwenyewe msimu ule.

Miaka miwili baadaye akamwoa mwanafunzi wa chuo hicho hicho, Stella Robertson. Huyu mama angestahili uzi wake. Alikuwa anakaa jukwaani akichora kila mchezo ulivyokwenda, nani kakimbia wapi, mpira umesogea yadi ngapi, na usiku wanakaa mezani na mumewe wanazipitia karatasi. Wachambuzi wenye kompyuta tunaowaona leo, Stella alifanya kazi hiyo kwa penseli. Walikaa kwenye ndoa karibu miaka 70 mpaka mama alipofariki mwaka 1964.

Tukio la kukumbukwa zaidi ni Novemba 30, 1905. Timu ya chuo cha Michigan ilikuwa haijapoteza mechi 56 mfululizo, tangu 1901. Kocha wao Fielding Yost alikuwa mashine ya mabao. Wakaja Chicago mbele ya watu zaidi ya elfu 25. Profesa Harper alikuwa kitandani anakufa kwa saratani, taarifa za mechi zinamfikia kwa simu nyumbani kwake. Mechi nzima hakuna anayepita. Kisha Chicago wakapiga mpira mrefu ukaenda nyuma ya mstari wa Michigan, kijana wao Denny Clark badala ya kuuacha akaukamata, akajaribu kutoka nao, akakumbwa na kurudishwa ndani ya eneo lake. Pointi mbili. 2 kwa 0, na ndivyo ilivyoisha. Harper alifariki Januari 1906.

Kila anayesimulia mechi hiyo humsifu Stagg. Mimi humfikiria pia Clark, kijana wa chuo aliyebeba lawama ya mchezo mmoja kwa maisha yake yote. Nani alikuwa mwalimu wake siku ile jioni? Nani alimshika bega?

Beki Mstaafu

Hapo kwenye Clark umenigusa mkuu. Mwaka fulani nilikosa penalti ya robo fainali ya kombe la wilaya, mpaka leo nikipita stendi kuna mzee ananikumbusha. Na nina miaka 47.

Ila nikuulize kwa heshima. Ajira ya kudumu, elfu 25 uwanjani, tajiri wa mafuta. Mbona inanukia biashara? Huyo mzee alikuwa mtakatifu kweli?

Mwalimu wa Kikapu

Hakuwa, na nisingependa mtu atoke kwenye uzi huu akidhani nimeleta mtakatifu.

Mwaka huo huo wa 1905 jarida la Collier's lilichapisha makala zilizoeleza jinsi vyuo vinavyonunua ushindi, na Chicago ilikuwa humo. Nyota wa Stagg, Walter Eckersall, yule mpigaji wa mateke hodari kuliko wote wa wakati wake, aliingizwa chuoni bila sifa kamili za masomo, na aliondoka bila shahada. Stagg huyu huyu aliyekataa fedha za besiboli kwa sababu za imani, aliyechukia mchezo wa kulipwa maisha yake yote, alijenga kiwanda cha kuingiza viingilio. Uwanja ulipanuliwa na kupanuliwa. Vyuo vingine vya eneo lile vilivyoungana naye kwenye umoja unaoitwa leo Big Ten vilimlalamikia kwamba anataka mechi nyingi zichezwe kwake, penye mapato.

Nadhani aliamini kwamba yeye akiwa safi, yote anayoyagusa ni safi. Hakuvuta, hakunywa, hakutukana. Wachezaji wake walisimulia kwamba tusi lake kubwa lilikuwa kumwita mtu punda. Lakini usafi wa mwalimu haumlindi mwanafunzi anayepitishwa darasani bila kusoma kwa sababu anajua kupiga mpira. Eckersall alihitaji mtu wa kumwambia hapana, na mtu huyo alikuwa na cheo cha uprofesa mkononi. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimewahi kuombwa nimsemee mchezaji wangu kwa mwalimu wa hisabati ili alama zisogee, michuano ya UMISSETA ikiwa imekaribia. Sikufanya. Ila nilifikiria usiku mzima, sitaficha.

Mkatanga

Salamu kutoka Lubumbashi. Mimi nilijua jina la Stagg kwa njia tofauti kabisa. Uwanja wake ndio ule ambapo wanasayansi walijaribu nguvu ya atomu, si ndiyo? Huku kwetu tunakumbuka kwa sababu urani nyingi ya mradi ule wa bomu ilichimbwa Shinkolobwe, hapa Katanga. Wazee wetu waliibeba kwenye magunia bila kujua inakwenda wapi.

Mwalimu wa Kikapu

Mkatanga, asante kwa kulileta hilo, na pole kwa historia hiyo, maana Shinkolobwe haisemwi inavyostahili.

Ndiyo. Ili nifike hapo lazima nieleze alivyoondolewa.

Mwaka 1929 chuo kilipata mkuu kijana sana, Robert Hutchins, miaka 30, ambaye hakuona futiboli ina kazi gani chuoni. Mwaka 1932 Stagg alifikisha miaka 70, na sheria ya kustaafu ikamkuta. Misimu 41 pale. Akapewa nafasi nyingine ya heshima yenye mshahara, isiyohusu kufundisha. Kwetu serikalini miaka 60 ni lazima uondoke. Wengi tungeshukuru kwa kiinua mgongo, tukaenda kufuga kuku. Yeye akasema kazi yake ni kufundisha vijana na nguvu bado anazo. Akafunga mizigo na Stella wakaenda Stockton, California, kwenye chuo kidogo kiitwacho College of the Pacific, kisichokuwa na fedha wala jina. Akaanza upya mwaka 1933, miaka 71.

Hapa ndipo ninapompenda. Chicago alikuwa na kila kitu. Pacific alirudi kwenye hali ya wale vijana 13 wa mwaka 1892.

Novemba 1938 aliwaleta vijana wake wa Pacific mpaka Chicago kucheza na timu yake ya zamani, ndani ya uwanja ambao tayari ulikuwa unaitwa Stagg Field. Hebu mfikirie mzee wa miaka 76 akiingia na timu ngeni kwenye uwanja wenye jina lake. Pacific wakashinda 32 kwa 0. Mwaka mmoja baadaye Chicago ilipigwa na Michigan 85 kwa 0, na Harvard 61 kwa 0, na Desemba 1939 chuo kikafuta futiboli kabisa.

Majukwaa yakabaki matupu. Chini ya jukwaa la magharibi kulikuwa na chumba cha kuchezea mchezo wa raketi. Mle ndani mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake walipanga matofali ya grafiti na urani, tabaka juu ya tabaka, na mchana wa tarehe 2 Desemba 1942 wakaamsha mmenyuko-mnyororo wa kwanza wa nyuklia uliotengenezwa na binadamu, yaani atomu moja ikipasuka inapasua nyingine. Mji mzima umewazunguka, hakuna aliyeambiwa. Majukwaa yalivunjwa baadaye, na mahali pale sasa pana maktaba ya chuo na sanamu ya shaba iliyotengenezwa na Henry Moore.

Mwaka uliofuata, 1943, wakati wa vita, wanamaji waliokuwa mafunzoni walipelekwa vyuoni, Pacific ikapata wachezaji ambao isingewapata kamwe. Mzee akashinda mechi 7, akapoteza 2, akizipiga timu za vyuo vya UCLA na California njiani. Makocha wenzake wakamchagua kocha bora wa mwaka wa nchi nzima. Alikuwa na miaka 81.

Dada wa Makorora

Miaka 81! Babu yangu kwa umri huo alikuwa bado anapanda mnazi, na tukimzuia ananuna, kwa hiyo naamini. Alistaafu lini sasa?

Mwalimu wa Kikapu

Dada, subiri. Pacific walimpumzisha baada ya msimu wa 1946. Miaka 84. Mtoto wake, Amos mdogo, alikuwa kocha wa chuo cha Susquehanna kule Pennsylvania, upande wa pili wa nchi. Mzee akaenda kumsaidia mwanawe, 1947 mpaka 1952. Na mara hii baba na mtoto walikuwa makocha pamoja kwenye benchi moja. Kisha akarudi Stockton akawa anafundisha wapigaji wa mateke kwenye chuo cha kati cha mji huo. Aliendelea mpaka akavuka miaka 95.

Kumfundisha kijana kupiga teke ni kazi ya kurudia. Unaweka mpira, unaangalia mguu uliosimama, unaangalia kifundo, anapiga, unaufuata mpira, unauweka tena. Mara mia. Mtu aliyekaa kwenye kamati ya sheria miaka 28, mwenye uwanja wenye jina lake, alimalizia maisha yake ya kazi akiinama kuweka mpira chini kwa ajili ya watoto wa umri wa vitukuu vyake. Nikichoka saa kumi na mbili jioni, jua linazama na bado kuna mtoto mmoja hajajua kurusha mpira wa adhabu, hiyo ndiyo picha ninayoishika.

Beki Mstaafu

Mkuu umetutendea haki. Swali la mwisho, rekodi zake bado zipo?

Mwalimu wa Kikapu

Alifikisha ushindi 314. Bear Bryant, kocha wa chuo cha Alabama, alimpita Novemba 1981, kwa ushindi wa 315, Stagg akiwa ameshalala miaka 16. Yuko kwenye jumba la heshima la futiboli ya vyuo tangu 1951, kama mchezaji na kama kocha, na kwenye la mpira wa kikapu tangu 1959.

Jina lake limebaki mahali pengine pia. Marekani vyuo vimegawanywa madaraja, na daraja la tatu ni la vyuo visivyotoa udhamini wa masomo kwa sababu ya mchezo. Mchezaji analipa ada yake, anasoma, jioni anacheza. Fainali ya daraja hilo tangu 1973 inaitwa Stagg Bowl. Chicago nao walirudisha futiboli mwaka 1969, na wanacheza daraja hilo hilo.

Kesho saa kumi tuna mazoezi. Yule kijana wa mihogo sasa yuko kidato cha sita, amekuwa nahodha, na Jumamosi hubaki kuwafundisha wadogo kudunda mpira kwa mkono wa kushoto. Nikipata chaji nitawawekea picha ya ringi letu.